Buluu ya Rozimeri ya Butula

Nyinyi vijana mnaoingia maabara na makoti meupe yaliyopigwa pasi, mkidhani mtu aliyestaafu amekusanya majibu, vuteni viti polepole. Mimi nilistaafu na maswali. Nimepima majani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kuna rangi moja ya buluu ambayo mpaka leo sijui niiamini kiasi gani. Kila nikianza kuieleza naanza vizuri, nikifika katikati najikuta nimepotea. Mtanivumilia, kwa sababu hata kichwa changu mwenyewe kimechoka kunivumilia.

Kazi ilikuwa hivi. Mjini Busia, nyuma ya duka la Bwana Hassan, kulikuwa na chumba kimoja chenye meza mbili, mizani, friji iliyonguruma kuliko trela, na mashine ya kusoma rangi iliyokuja kwetu ikiwa imeshatumika na watu wengine. Hassan aliuza mimea mikavu iliyotoka nchi za Bahari ya Mediterania: majani ya mzeituni, zaatari, seji, rozimeri. Wateja walivuka kutoka upande wa Uganda kuinunua, wengine kwa chakula, wengi kwa afya. Yeye hakuwa mtu wa kuuza mfuko huku akiapa kwamba unatibu kwa sababu tu babake aliapa hivyo. Alitaka tumwambie ndani ya jani kuna nini, na tena kama mimea hiyo ikipandwa huku kwetu, Butula na Funyula, inabaki na nguvu zake au inakuwa nyasi ya kawaida.

Kuna jamii ya viini ambavyo mmea hujitengenezea ili ujilinde na jua na wadudu. Watu wa afya wanavipenda kwa sababu huenda vikausaidia mwili wa binadamu. Nimesema huenda, na neno hilo mlishike. Ili kuvipima unakausha jani, unalisaga, unalilowesha kwenye spiriti iliyochanganywa na maji, unachuja, halafu unatia dawa fulani ya njano. Viini vikiwepo, njano inageuka buluu, na buluu ikikolea unasema viini ni vingi. Hiyo ndiyo shule yote. Yaliyobaki ni kuosha vyombo.

Aliyenifundisha kuosha vyombo ni Mzee Wandera, Msamia wa Funyula, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Mimi ni Mteso wa upande wa Malaba, na miezi ya kwanza alinitania kwamba sisi tunajua kupima pombe tu. Wiki yangu ya pili alinipangia vichupa nane, akaniambia nivipime na nimwambie mmea upi una nguvu. Nilipotia dawa ya njano, kichupa cha saba kiligeuka buluu nzito, karibu nyeusi. Nilikimbia mpaka mlangoni alipokuwa ameketi.

"Mzee, namba saba imeshinda zote!"

"Imeshinda hata mzeituni?"

"Hata mzeituni. Hii ni mmea gani?"

"Hiyo ni turungi yangu ya asubuhi," akasema. "Na sasa sina chai."

Nilidhani ananicheka, na kweli alikuwa ananicheka, lakini alisimama akanirudisha mezani. Chai isiyo na maziwa imejaa viini vya jamii ile ile. "Hii dawa ya njano haijui jina ya mtu," aliniambia. "Ikikutana na kitu inafanana na ile inatafuta, inakuwa buluu tu. Kazi ya kujua nani ameingia kwa chupa ni yako, si yake." Nikaitikia ndiyo mzee, kama mnavyoitikia nyinyi, na nikadhani nimeelewa.

Alikuwa na fomu yake, aliyoichora kwa rula na kuitoa nakala. Nani amepanda, amevuna lini, amekaushia wapi. Chini kabisa kulikuwa na mstari umeandikwa "Imeonwa na", na hapo ndipo unaweka sahihi. Ukimletea fomu uliyoijaza kwa kuambiwa, anairudisha. "Kuona ni macho, Amoit," alikuwa akisema. "Masikio haitii sahihi." Mimi niliona ni ukaidi wa mzee. Kama mkulima amesema amekaushia kivulini, kwa nini nipande bodaboda mpaka Butula kwenda kuangalia kivuli?

Ngoja niwape na mambo ya mkono kabla sijasahau, kwa sababu haya angalau nina uhakika nayo. Jani likikauka vizuri linavunjika kwa sauti. Likipinda bila kuvunjika, lirudishe. Usianike kwenye jua kali, linaunguza unachokitafuta. Usifunge jani kwenye nailoni likiwa na joto, litaota ukungu na utapima ukungu. Na chupa zako andika kwa penseli, usiandike kwa kalamu ya wino. Niliandika kwa wino mara moja, nikamwaga spiriti kidogo, na majina yote yakafutika mbele ya macho yangu. Mzee Wandera alizitazama zile chupa kumi na mbili akaniuliza, "Sasa umezaa watoto kumi na wawili na hakuna mwenye jina, baba yao tumuulize nani?" Tulianza upya kuchuma.

Ikafika siku naye akastaafu. Alihamia Malaba, ambako alikuwa amejenga vyumba vichache vya kulaza madereva wa malori wanaosubiri kuvuka. Presha ilikuwa imemwanza zamani, na hospitali walimpa vidonge ambavyo alivichukia kwa sababu vilimkimbiza chooni kila saa. Mimi nikakalia kiti chake. Nilimpigia simu mara nyingi kumuuliza vitu ambavyo ningeweza kuvisoma, ili tu nimsikie akinikaripia. Nasema wazi kwamba nilimpenda mzee yule, na ndiyo maana yaliyofuata yananichanganya hivi.

Binti yangu Akisa aliolewa Butula. Mama mkwe wake anaitwa Mama Nafula, mkulima hodari, mama mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Hassan alipotafuta wakulima wa kujaribu rozimeri, Mama Nafula alipanda ua mzima kuzunguka boma lake. Sampuli zake zilipokuja, ilinibidi niende nione anapokaushia, kama fomu inavyotaka. Lakini vijana, mimi ningeendaje pale kama mtu wa maabara? Nilikuwa mama wa bibi harusi. Mahari yalikuwa yamekamilika, ng'ombe walishafika kwetu, kwa hiyo niliruhusiwa kwenda, lakini niliruhusiwa kwenda kama mgeni wa heshima. Mkwe hupokelewa sebuleni. Mkwe huwekewa kitambaa kwenye kiti, hunawishwa mikono, huchinjiwa kuku. Mkwe haendi kuchungulia jikoni kwa mwenzake kuona sufuria zimekaaje. Ningeinuka kwenda nyuma ya nyumba, maneno yangefika Malaba kabla yangu.

Basi nilikula kuku, nikanywa chai, na mwisho nikaitoa fomu kwa aibu.

"Mkwe, hii ni kazi tu, usinielewe vibaya. Majani unakaushia wapi?"

"Si ndani tu, mkwe. Mahali kuna kivuli, mvua haifiki. Hewa inapita."

"Hayapigwi na jua?"

"Jua itoke wapi na mvua hii? Kula, mkwe, hiyo paja imekungoja."

Nikaandika: kivulini, ndani, penye hewa. Kwenye "Imeonwa na" nikatia sahihi yangu, herufi nzuri kabisa. Yote aliyoniambia yalikuwa kweli. Hakunidanganya hata kwa neno moja, na hilo nalo limenisumbua, kwa sababu ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningelala vizuri.

Nilipotia dawa ya njano kwenye maji ya rozimeri ile, ilikuwa buluu ambayo sikuwahi kuiona tangu turungi ya Mzee Wandera. Rozimeri iliyotoka Mediterania ilikuwa kando yake imepauka. Rozimeri za Funyula vilevile. Nikaosha vyombo, nikarudia. Nikabadilisha maji, nikarudia. Nikafungua chupa mpya ya dawa, nikarudia, na buluu ikarudi ile ile. Nikalijaribu jani kwa njia ya pili, ile ya rangi ya zambarau ambayo jani lenye nguvu huififisha, na zambarau ikatoweka upesi mno. Nikatenganisha viini kwenye kigae, ambako kila kiini huacha doa lake, nikaona madoa mawili ambayo rozimeri nyingine hazina. Niliyatazama mpaka macho yakauma. Nilinusa majani mara kumi. Yalinuka rozimeri na yalinuka kama nyumbani, na sikuona ajabu kwamba kitu kinuke kama nyumbani.

Bwana Hassan alisimama mlangoni akishika kichwa. "Wallahi Mama Amoit, hii si rozimeri ya kawaida. Udongo wa Butula una siri." Alitaka kuandika barua kwa watafiti wakubwa. Mimi nilimwambia angoje, lakini nilimwambia huku natabasamu, na mnajua tabasamu linasema nini.

Jumamosi nilienda Malaba. Malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, madereva wakinunua mayai na karanga, na Mzee Wandera alikuwa ameketi nje ya vyumba vyake. Nilikuwa nimebeba karatasi za matokeo na mfuko wa majani. Alizisoma karatasi zote, mstari kwa mstari, miwani ikiwa imemshukia puani. Kisha akauliza swali moja.

"Hapo wanakaushia, uliona?"

"Niliona, mzee."

"Wewe mwenyewe? Kwa macho?"

"Kwa macho."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimejiuliza mara nyingi. Pengine ni kwa sababu kumwambia kwamba nilikaa sebuleni nikala kuku kungeonekana upuuzi. Pengine nilitaka, mara moja tu, nimletee kitu asichoweza kukirudisha. Yeye alikunja karatasi akanirudishia, na uso wake ukalainika.

"Basi wewe ndio macho yangu ilibaki huko," akasema. "Ukiona, nimeona." Akauvuta ule mfuko karibu naye. "Haya majani nitakunywa kwa presha. Hii vidonge imenichosha."

"Mzee, vidonge usiache."

Nilimwambia hivyo, nawaapia. Lakini nilimwambia kama mtu anayemsihi mgeni akae huku ameshamfungulia mlango. Mkono wangu wenye karatasi ulikuwa unasema jani lina nguvu kuliko yote, na mdomo wangu unasema usiliamini. Yeye angefuata upi?

Baada ya wiki mbili alinipigia simu, sauti imechangamka. "Amoit! Nimepimwa presha hapa kwa duka ya dawa. Imeshuka!"

"Na vidonge, mzee?"

"Vidonge imepumzika kidogo."

Hapo ningepiga kelele. Badala yake nilisema "Mzee, jamani," na nikacheka naye. Nilifurahi kwamba imeshuka. Nilijiambia, kama imeshuka, basi buluu ni ya kweli. Mnaona nilivyogeuza mambo? Nilikuwa natumia mwili wa mwalimu wangu kusahihisha kazi yangu. Na mpaka leo sielewi ilishuka kwa sababu gani. Labda mashine ya duka ilikuwa mbovu, labda furaha ilimtuliza, labda vidonge vya zamani vilikuwa bado vinafanya kazi mwilini. Labda jani. Sijui.

Baada ya siku chache, siku ya Jumatatu asubuhi, Akisa alikuja kunitembelea na mtoto. Alileta zawadi za mkwe: kifurushi cha rozimeri na mahindi ya mbegu, yale yaliyochaguliwa, yamefungwa kwa maganda yake ili nipande kwangu. Nikavunja punje chache, nikazinusa kama tunavyofanya kuona kama kuna wadudu ndani. Nikashangaa.

"Akisa, mbona mahindi ya mama mkwe wako inanuka rozimeri?"

"Si zinakaa pamoja, mama," akasema, bila hata kuniangalia, akimvua mtoto sweta. "Hapo juu ya mafiga, kwa kichanja. Mvua ikinyesha hivi, utaanika wapi tena?"

Nilikaa chini. Kila mtu wa kwetu anakijua kichanja cha jikoni. Ni pale juu ya moto ambapo mbegu hukaa ili moshi uzikinge na dumuzi. Ni ndani, ni kivulini, mvua haifiki, hewa inapita, na hewa yenyewe ni moshi mtupu kutoka asubuhi hadi jioni. Na moshi wa kuni, vijana, umebeba viini vya jamii ile ile inayogeuza njano kuwa buluu. Hata yale madoa mawili ya kigaeni yakapata pa kutoka. Nilikuwa nimevumbua jiko la Mama Nafula.

Mtauliza pua yangu ilikuwa wapi. Pua yangu ilizaliwa jikoni. Nililelewa kwenye moshi, nguo zangu za shule zilinuka moshi, uji wangu ulinuka moshi. Kwangu moshi hauna harufu, ndiyo hali ya hewa. Moshi uliokuwa kwenye rozimeri sikuusikia hata mara moja. Nilichosikia ni rozimeri iliyokuwa kwenye mahindi. Mtu wa mjini angelinusa jani lile mara moja akauliza nani anapika. Nyani haoni kundule, walisema, na nadhani hata kulinusa hawezi.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapopotea kila mara. Jambo la kwanza lilikuwa kuchukua simu na kumwambia Mzee Wandera ameze vidonge vyake. Sikufanya. Nilisema nihakikishe kwanza, nisimwendee mara ya pili na maneno nusu. Nikatundika karatasi safi za kuchujia juu ya moto wa jikoni kwangu, karatasi zisizo na jani wala kitu chochote, nikaziacha siku nzima zikipigwa moshi. Siku ya pili, Jumanne, nikazipeleka Busia, nikazilowesha, nikachuja, nikatia dawa ya njano. Karatasi tupu iligeuka buluu. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimefanya kazi safi kabisa, kazi ambayo yeye mwenyewe angeisifu, na nikaandika fomu, na kwenye "Imeonwa na" safari hii niliona kweli.

Nilikuwa bado naosha vichupa simu ilipolia. Alikuwa Mama Wandera, mkewe. Alisema mzee aliinuka kwenye kiti asubuhi hiyo akaanguka, mdomo umeenda upande, na mkono wa kulia haunyanyuki. Walikuwa hospitali.

Nilikwenda na koti la maabara, nilisahau kulivua. Nilimweleza daktari kila kitu, kuanzia kichanja mpaka vidonge, na nadhani alidhani ni mimi mgonjwa. Nilimuuliza kama ni kosa langu. Alikuwa kijana kama nyinyi, na alinijibu kwa upole. "Mama, mtu wa presha anaweza pata kiharusi hata akimeza dawa. Na akiacha, hatari inaongezeka. Huyu wako siwezi kukuambia ni gani." Nikamuuliza kama ningepiga simu Jumatatu ingesaidia. Akasema hilo pia hawezi kujua. Nilitaka anipe jibu moja, hata baya. Nimezoea kitu kigeuke rangi nikijue.

Mzee hakufa. Namshukuru Mungu kila Jumapili kanisani, na sioni aibu kulia nikimshukuru. Alipoweza kuzungumza, maneno yakitoka mazito na nusu, nilikaa kando ya kitanda nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu sebule, kuku, fomu, sahihi, na kwamba nilisema nimeona nami sikuona. Alinitazama kwa lile jicho lililo zima. Sikuweza kujua ananikasirikia au amechoka. Akasema neno moja, "Lete," na nilijua anataka nini. Kesho yake nilileta ile fomu. Niliishika mbele yake, akaisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake, kisha akaweka kidole cha kushoto kwenye mstari wa chini. "Andika," akasema. Nikafuta sahihi yangu kwa mstari mmoja ili bado isomeke, kama alivyonifundisha, na kando yake nikaandika: sikuona.

Nilienda Butula pia. Nilimwambia Mama Nafula, tena nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajaweka kitambaa kwenye kiti. Alikikunja kile kitambaa mkononi. "Sasa mkwe," akasema, "ungeniuliza ningekuonyesha. Lakini na wewe ungeingiaje jikoni yangu? Na mimi ningekuachaje uingie, na vile iko?" Tukatazamana, wanawake wawili wazima, na hatukujua tucheke au tuombane msamaha. Akanishika mkono akanipeleka jikoni. Niliona kichanja. Kilikuwa cheusi kinang'aa, na rozimeri imetandazwa vizuri kati ya mbegu, kwa usafi na upendo.

Mngependa niishie hapo, kosa limejulikana, funzo limepatikana. Na mimi ningependa. Lakini nilichuma rozimeri ya ua ule ule kwa mikono yangu, nikaikausha kwangu kwenye shuka safi, mbali na moto, nikaiona mwenyewe tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikaipima. Buluu ilipungua sana, lakini bado iliizidi kidogo ile ya Funyula, na iliizidi kidogo hata ile ya Mediterania. Nikarudia, ikazidi tena. Ni udongo? Ni ua kuwa karibu na jiko, moshi ukitua kwenye majani yakiwa bado mabichi? Ama Bwana Hassan alisema kweli, na ndani ya kosa langu kulikuwa na kitu cha kweli kimekaa kimya? Nilistaafu kabla ya kujua. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na mimi nimeyaona yote mawili kwenye kichupa kimoja. Mmoja wenu akitaka kuendelea, ua bado upo, na Mama Nafula atampokea. Aombe kuonyeshwa jikoni kabla hajakubali kuketi.

Siku hizi naenda Malaba kila Jumatano. Mzee Wandera huketi nje ya vyumba vyake kama zamani, fimbo kando, kofia ya sufu kichwani, akiangalia malori. Namhesabia vidonge vyake, anameza ninaangalia. Tunaongea kidogo habari za madereva na za mvua. Halafu kila Jumatano, bila kukosa, ananigeukia na kuniuliza kana kwamba ni mara ya kwanza.

"Amoit. Hapo wanakaushia, uliona?"

"Sikuona, mzee."

"Haya," husema, na kurudisha macho barabarani.

Mkewe anasema ni kiharusi kimekula kumbukumbu, kwamba anauliza kwa sababu amesahau. Mimi nimemchunguza uso, nimesikiliza sauti, nimehesabu muda anaonyamaza kabla ya swali. Sijui kama anasahau au bado ananifundisha. Nimeacha kutafuta kujua. Jumatano ijayo ataniuliza tena, nami nitamjibu.